Dakika Ishirini na Tano Bila Kubonyeza

Waya niliuchomoa mimi. Ilikuwa Ijumaa, saa nne na dakika ishirini asubuhi, na saa hiyo ninaijua kwa sababu niliiandika. Nina kijitabu kwenye mfuko wa aproni, humo naandika nimempelekea nani chai na saa ngapi. Aliyenifundisha hivyo ni Madam Lamees, niliyemfanyia kazi za ndani kabla ya hapa, ingawa hakukusudia kunifundisha. Kila siku alisema chai imechelewa. Nikaanza kuandika. Alipoona naandika, akaacha kusema.

Naitwa Martina. Nimesoma Kondoa mpaka darasa la saba, basi. Hapa Dubai ni mhudumu katika ofisi ya mizigo ya Bwana Himid, Deira, ghorofa ya pili, mtaa wa nyuma ya gati. Nafagia, nafuta vumbi, napika chai. Bwana Himid ni wa ukoo wa Kizanzibari uliokaa hapa tangu baba yake. Dada yake mkubwa, Bi Badriya, ana meza yake karibu na dirisha, na kazi yake ni watu. Yeye ndiye anayejua mteja gani amefiwa, nani ameoza binti, mama wa nani anaumwa mguu. Mteja akinuna, Bi Badriya humpigia simu, na mteja hununua tena.

Mtu wa kompyuta ni Zadock, Mkenya wa Kakamega, kijana mpole anayevaa tai hata joto likiwa la kuchoma. Bwana Himid hataki barua za ofisi yake zipitie kwenye mashine za watu wengine, kwa hiyo ana sava yake mwenyewe, sanduku jeusi lenye feni, kwenye kichumba kidogo karibu na jiko. Barua pepe zote za ofisi hutokea humo, na Zadock ndiye anayelitunza.

Zilikuwa zimebaki siku tatu Ramadhani iingie. Kila mwaka Bi Badriya huwatumia wateja wote salamu za mwezi. Wateja ni elfu tatu na mia nane, na yeye hakubali barua moja ipelekwe kwa wote kwa pamoja. Zadock alimwambia mwaka jana kwamba inawezekana.

"Salamu ya mkupuo ni tangazo," Bi Badriya akamjibu. "Mimi siuzi sabuni. Kila mtu na jina lake, na la mkewe kama ninalijua."

Basi Zadock akamtengenezea njia. Barua elfu tatu na mia nane, kila moja na jina lake. Mwaka huu Bi Badriya akaongeza picha ya msikiti na mwezi. Saa tatu kamili asubuhi ile akabonyeza mwenyewe kwenye tableti yake, akasema bismillahi, akaagiza kahawa.

Sasa hapo ndipo lilipoanza. Karibu wateja wote hao wako kule nyumbani, na barua zao hupokelewa na kampuni moja tu ya kule. Ofisi ya mapokezi ya mizigo ya Zanzibar nayo iko kwenye kampuni hiyo hiyo. Saa tatu na dakika arobaini Zadock akatuma nyaraka za shehena ya Nahodha Ramathan, barua tatu zenye karatasi nyingi, kwa Bwana Musab wa ofisi ile. Saa nne Bwana Musab akapiga simu. Hajaona kitu.

Mimi nilikuwa nafuta vumbi kwenye kichumba. Zadock akafungua kioo cha kompyuta yake, na juu yake kulikuwa na namba moja kubwa: 3,703. Chini yake mistari myekundu ya Kiingereza, yote inafanana.

"Inasemaje?" nikauliza.

"Inasema tumezidisha. Eti tujaribu baadaye." Akabonyeza. Namba haikutikisika. Akabonyeza tena. "Zimepita mia, zingine zote wamekataa. Na nyaraka za bosi ziko nyuma ya hizi salamu zote, unaona? Hii kitu itanimaliza."

Nikaiandika ile namba. Sina sababu, huwa naandika tu.

Nahodha Ramathan alikuwa amepewa nafasi ya gati kwenye bandari ya Hamriya mpaka saa saba mchana. Asingeruhusiwa kung'oa nanga mpaka Bwana Musab ajibu kwamba nyaraka amezipata. Na Bwana Musab siku ya Ijumaa hufunga ofisi saa tano za kule, ndiyo saa sita za Dubai, aende kujitayarisha na sala. WhatsApp hawaipokei, wala anwani nyingine yoyote. Mtu fulani aliwahi kuwaletea karatasi za kughushi kwa njia hizo, tangu hapo wanataka ile anwani iliyosajiliwa tu.

Saa nne na robo Nahodha akaja mwenyewe, jasho limemlowesha mgongo. Bwana Himid akamwita Zadock chumbani kwake, mlango ukafungwa, na mimi nikaambiwa chai ya watu watatu.

Soketi ya jikoni ilikuwa imeungua tangu Jumatano. Siku zote hizo mbili nilikuwa nachemshia maji kwenye kichumba cha Zadock. Siku ile soketi zilikuwa zimejaa. Nikaona waya mweusi mwembamba, nikadhani ni wa kuchajia simu, nikauchomoa, nikachomeka birika. Saa nne na dakika ishirini.

Nilipoingiza chai, Bwana Himid alikuwa amesimama. Zadock ameketi, mikono katikati ya magoti.

"Sitaki kujua ya sava," Bwana Himid alisema. "Najua saa sita tu. Karatasi zisipofika kwa Musab saa sita, Jumatatu usije. Nitafuta viza yako, khalas, nitafute anayeijua kazi."

"Sir, Judy yuko kwa viza yangu," Zadock akasema.

"Basi fanya kazi."

Judy ni mkewe. Ana mimba ya miezi minane. Alikuja ofisini mara moja, amevaa viatu vya mumewe kwa sababu vyake vilikuwa havimuingii tena, akaniletea mandazi ya iliki. Viza yake imening'inia kwenye ya Zadock. Ya Zadock ikifutwa, wote wawili wanapanda ndege, na daktari alishamwambia asipande ndege tena mpaka ajifungue.

Bwana Himid akanisimamisha pale na sinia kwa muda mrefu, mara sukari, mara maji ya Nahodha, huku akiendelea kusema. Niliporudi kichumbani ilikuwa saa tano kasorobo. Nikachomoa birika, ndipo nikaona kisanduku cha intaneti kando ya sava kimezima taa zote. Nikachomeka waya haraka. Taa zikawaka moja moja, kijani, kijani, ya tatu ikachelewa, ikawaka.

Wakati huo huo, pale kwenye kioo, namba ikaanza kushuka. 3,690. 3,660. Ilishuka kama maji yakifunguliwa. Ikafika 3,603, ikasimama. Ile mistari myekundu ikarudi.

Nikaandika. Kisha nikatoka na birika langu, nikanyamaza.

Zadock aliporudi hakuona kilichotokea. Aliketi, akaanza kubonyeza. Mimi nilikuwa nje ya mlango nikipiga deki sehemu ile ile. Anabonyeza, mistari myekundu. Anangoja kidogo, anabonyeza. Na hata asipobonyeza, sava yenyewe ilikuwa inajaribu kila dakika. Niliona mistari ikiongezeka yenyewe. Namba ile ile, 3,603.

Nikafungua kijitabu. Tangu saa tatu mpaka saa nne na dakika ishirini: zimepita mia za mwanzo, kisha hakuna hata moja, na muda wote huo sava inagonga. Waya ukachomolewa dakika ishirini na tano: hakuna anayegonga. Waya ukarudishwa: mia nyingine zikapita. Zadock akabonyeza: hakuna.

Nilisimama pale na fagio la deki. Kusema ningesema nini? Nikisema, nimesema kwamba mimi, mpika chai, nilizima intaneti ya ofisi nzima siku kama hii. Bwana Himid asingehitaji sababu nyingine. Na mimi nina chumba Satwa tunachokaa wasichana sita, na mama ananingoja kwa kila kitu. Nikaendelea kupiga deki. Nikatazama saa. Saa tano na dakika nane. Zadock akashika simu, akaangalia picha ya Judy iliyoko mbele yake, akaifunika simu juu ya meza.

"Zadock," nikasema. "Nina neno, na ukishalisikia usipige kelele."

"Martina, tafadhali, si saa hii."

"Intaneti ilizimika. Niliichomoa mimi, nilichemshia maji. Sikujua ni waya gani."

Akageuka taratibu. Nilidhani atanitukana.

"Saa ngapi?"

"Saa nne na ishirini mpaka saa tano kasorobo. Na niliporudisha, zilipita mia. Angalia." Nikamwekea kijitabu juu ya meza. "Ilikuwa hivi, ikawa hivi. Halafu ukaja ukabonyeza, zikagoma."

Aliusoma ule ukurasa, akausoma tena. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Kwa hiyo wanatuhesabu," akasema, kama anaongea na kioo. "Kila tukijaribu wakati wamefunga, wanaanza kuhesabu upya. Na mimi nimeiambia sava ijaribu kila dakika. Mimi mwenyewe." Akanitazama. "Unajua nimekuwa nikifanya nini tangu saa nne? Nimekuwa nikijifungia mlango."

"Madam Lamees alikuwa hivyo," nikamwambia. "Ukigonga akiwa kwenye simu, anakungojesha. Ukigonga mara ya pili, anakungojesha zaidi. Ilibidi ukae kimya mpaka akusahau."

Akacheka pumzi moja tu, bila furaha, kisha vidole vyake vikaanza kukimbia. Alizizuia salamu zote, akazitenga kando. Akazileta nyaraka tatu mbele. Akaiamuru sava isijaribu tena yenyewe, na ikiruhusiwa ipeleke barua moja, ipumzike sekunde arobaini, ndipo ipeleke nyingine. Kisha akaondoa mikono kwenye meza, akaikalia. Kweli, aliikalia mikono yake.

"Saa tano na robo," akasema. "Dakika ishirini na tano. Saa sita kasoro ishirini nitajaribu."

"Haziwezi kutosha chache?"

"Labda. Lakini tunachojua ni ishirini na tano tu, ziko kwa kitabu yako."

Kukaa bila kufanya kitu ni kazi ngumu mno mtu akikutazama. Dakika kumi za kwanza zilipita. Feni ya sava ikivuma. Zadock anatazama saa, mimi natazama mlango.

Saa tano na dakika thelathini na tano mlango ukafunguliwa. Bwana Himid, na nyuma yake Nahodha Ramathan.

"Umekaa," Bwana Himid akasema.

"Sir, tunangoja. Tukijaribu sasa watafunga tena."

"Unangoja. Mimi nimekupa saa, wewe unangoja. Kile kitufe cha kusukuma kiko wapi? Si ulinionyesha siku ile? Hiki?"

"Sir, la—"

Nilisogea kumzuia, nikachelewa. Bwana Himid aliinama juu ya bega la Zadock, akabonyeza. Kioo kikatulia kidogo. Kisha mstari mwekundu.

Zadock alifunga macho. Mimi nikaandika: tano na thelathini na sita. Nikajumlisha ishirini na tano. Nilipopata jibu nikajumlisha tena.

"Saa sita na dakika moja," nikasema.

"Nini?" Bwana Himid akanigeukia, kama amegundua sasa hivi kwamba nina mdomo.

Zadock alikuwa bado amefunga macho. Nikaona hapo hapana mwingine wa kujibu. "Sir, ilikuwa tujaribu saa sita kasoro ishirini. Sasa mpaka saa sita na dakika moja. Ukibonyeza tena, itasogea tena."

"Na wewe umejuaje?"

"Kwa sababu niliichomoa intaneti saa nne na ishirini, sir, bila kujua, kwa ajili ya chai yako. Ndipo zikapita."

Uso wake ukabadilika. Alinyoosha mkono tena kwenye meza, sijui kubonyeza au kushika kijitabu changu, na hapo sauti ikatoka mlangoni.

"Himid. Kaa."

Bi Badriya alikuwa amesimama na tableti yake kifuani. Kumbe alikuwa amesikia yote, na sauti ya mdogo wake haikuwa ndogo.

"Dada, huyu kijana—"

"Nimekwambia kaa, baba. Huoni watu wanahesabu?" Bwana Himid, mwenye miaka hamsini na minne na magari mawili, akakaa kwenye kiti cha plastiki. Bi Badriya akanigeukia mimi. "Hebu niambie, mwanangu. Kinachoziba njia ni salamu zangu?"

Nilitaka kusema hapana. "Ndiyo, Bi Badriya. Zilitangulia."

Bi Badriya alikuwa amezikalia salamu zile wiki nzima, akiandika majina ya wake za watu. "Ziwekeni kando," akasema. "Musab anafunga saa ngapi?"

"Saa sita zetu," Zadock akasema. "Tutamkosa kwa dakika moja, mama. Mbili, tatu."

"Musab mtoto wa Bi Salma wa Mkunazini?"

"Sijui, mama."

"Mimi najua." Akatoa simu, akavuta kiti, akakaa karibu na mlango. Alingoja mpaka saa sita kasoro dakika tano, ndipo akapiga. "Mpe Himid chai," akaniambia. "Anywe, mikono yake ipate kazi."

Simu ikaitikiwa. Bi Badriya akaiweka kwenye spika, juu ya paja.

"Musab, assalaam alaykum."

"Wa alaykum salaam, Bi Badriya. Nyaraka sijaziona, na mimi hapa nafunga dirisha."

"Nyaraka zinakuja, baba. Mimi sikukupigia kwa nyaraka. Hujambo wewe?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Yule wa kike aliyekuwa anapumua vibaya?"

"Ah, yule sasa anakimbia."

"Mashaallah. Na mama? Mguu?"

Kumuuliza mtu mguu wa mama yake kisha akukatie simu, haiwezekani, si kwa watu wale. Bwana Musab akashusha pumzi, tukasikia kiti kikilia alipokaa tena. "Mguu, Bi Badriya, ulikuwa umepona. Halafu wiki iliyopita akapanda ngazi."

"Akapanda ngazi?"

"Akapanda ngazi, eti anakwenda kuangalia paka."

Saa ya ukutani ikagonga saa sita. Bwana Himid akaitazama, akamtazama Zadock, akanywa chai. Nahodha Ramathan alikuwa amefunga mikono kifuani akitazama sakafu.

"Na daktari kasemaje?" Bi Badriya anauliza.

Zadock alikuwa amesogeza kidole juu ya kitufe, hajakigusa. Ananitazama mimi, si kioo. Mimi natazama saa ya simu yangu.

"Bado," nikanong'ona. "Bado."

"Kamwambia asipande ngazi."

"Na yeye?"

"Yeye kamwambia daktari aje amshushe paka."

"Sasa," nikasema.

Zadock akabonyeza mara moja.

Kioo kikatulia. Kikatulia tena, muda ule ule wa kule nyuma kabla ya ule mstari mwekundu, na Bwana Himid akasimama nusu. Mstari ukatoka. Ulikuwa mweusi.

"Moja," Zadock akasema.

Sekunde arobaini. Kule kwenye simu paka alikuwa bado yuko juu. Mstari mweusi wa pili. Sekunde arobaini nyingine. Bwana Musab akasema, "Bi Badriya, mimi kwa kweli inabidi—" na Bi Badriya akasema, "Mfikishie mama salamu zangu, mpe simu siku moja tuseme," na mstari mweusi wa tatu ukatoka.

"Tatu," Zadock akasema. "Zote."

"Musab, baba," Bi Badriya akasema bila kubadilisha sauti, "hebu angalia barua zako kabla hujafunga."

Tukasikia kibonyezo, tukasikia kiti. "Hee. Zimo. Zote tatu." Tukasikia akichapa. "Nimejibu. Mwambie Himid nimejibu. Na mambo haya msinifanyie tena Ijumaa."

"Ramadhani njema, baba."

"Na kwenu."

Nahodha Ramathan alikuwa ameshatoka. Tulisikia viatu vyake kwenye ngazi. Hamriya kutoka Deira si mbali, lakini Ijumaa saa sita teksi hazipatikani hovyo. Saa saba kasoro dakika tano alituma ujumbe kwamba ameachia kamba.

Bwana Himid alimaliza chai yake. Mwishowe akasimama, akakunja mikono ya kanzu.

"Saa sita na dakika tatu," akamwambia Zadock.

"Ndiyo, sir."

"Jumatatu uje mapema. Usiku ni tarawehe, nataka tufunge saa tisa." Alipofika mlangoni akasimama mbele yangu. "Na ile soketi ya jikoni, mbona hakuna aliyeniambia imeungua?"

"Nilikuandikia karatasi Jumatano, sir. Saa mbili na nusu. Iko mezani kwako."

Akaenda. Baadaye fundi akaja.

Zadock alimpigia Judy. Hakumwambia mengi, nilimsikia tu akisema amekula, ndiyo, amekula, na kwamba atapitia madukani kumtafutia viatu. Kisha akarudi kwenye kioo.

Salamu zilikuwa bado zimezuiwa, zote elfu tatu na mia sita. Akapiga hesabu: barua moja kila sekunde arobaini, wale jamaa hawatafunga mlango, ila za mwisho zitafika Jumapili alfajiri. Akamwendea Bi Badriya kumweleza, nami nikaenda na kahawa yake.

"Kwa hiyo wengine watapata leo, wengine keshokutwa," Bi Badriya akasema.

"Ndiyo, mama. Hakuna njia nyingine."

"Nani atatangulia?"

"Zinakwenda tu jinsi zilivyopangwa. Kwa herufi."

Bi Badriya akamtazama kama mtu aliyemwambia awape chai watoto kabla ya wageni. "Kwa herufi? Bi Zuwena ana miaka tisini, apate salamu Jumapili, na Abbasi wa juzi apate leo? Watasema nimezeeka." Akasogeza tableti katikati ya meza, akaniita kwa kidole. "Martina, lete hicho kijitabu chako. Kaa hapa. Tunaanza na wazee."

Nilikaa. Ilikuwa mara ya kwanza kukaa kwenye meza ile. Akataja jina la kwanza, nikaandika, na pembeni nikaandika saa.